Wiki nane za kusoma malezi katika Talmudi: uzoefu wangu

Nilijiandikisha katika kozi hii ya wazazi, inayoendeshwa kwa intaneti na sinagogi moja ya jijini New York, kwa sababu ilitangazwa kuwa wazi kwa watu wa dini zote, na kwa sababu nilikuwa nimechoshwa na video za malezi ambazo kila moja huahidi kumbadilisha mtoto kwa siku saba. Mimi ni Muislamu wa Mombasa, mama wa watoto watatu, na kabla ya hapo sikuwa nimesoma hata ukurasa mmoja wa Talmudi, mkusanyiko wa kale wa mafundisho na mijadala ya marabi, yaani wanazuoni wa Kiyahudi. Hakuna kitabu cha kununua, kwani maandiko husomwa bila malipo katika maktaba ya mtandaoni ya Sefaria, ingawa asiyejua Kiebrania itambidi awe anakimudu Kiingereza.

Kipindi cha tatu peke yake kilinirudishia ada yangu. Tulisoma kauli ya Rabi Zeira, katika risala ya Sukka (risala ni kitabu kimoja kati ya vile vinavyounda Talmudi), kwamba mtu asimwambie mtoto atampa kitu kisha asimpe, kwa kuwa hapo anamfundisha uongo. Mara moja nikaukumbuka ujanja wa asubuhi unaojulikana karibu katika kila nyumba ya kwetu: mtoto anang'ang'ania kumfuata mama kazini, anaambiwa "nenda kavae viatu twende," na akirudi na viatu mkononi anakuta mama amekwisha kupanda matatu. Nilifanyiwa hivyo, nami nimewafanyia wangu. Wala halikuwa jambo geni katika dini yangu, kwani imepokewa kuwa Mtume alimuuliza mama aliyemwita mwanawe kwa ahadi ya kumpa kitu ni kitu gani alichokusudia kumpa, akajibu ni tende, akaambiwa kwamba lau asingempa chochote angeandikiwa uongo. Tangu wiki hiyo ninamuaga mwanangu wa mwisho mlangoni. Analia kwa sauti ile ile, ila ameacha kunifuata hadi chooni kila anaponiona nimevaa buibui.

Kisa cha Nabii Yusuf nakijua tangu chuo cha Kurani, lakini risala ya Shabbat inakisoma kwa mizani ya sokoni: kwa sababu ya sufi laini yenye uzito wa sela mbili tu (sela ni sarafu ya kale iliyotumika pia kupimia uzito), ambayo Yakobo alimzidishia Yusuf, ndugu waliona wivu, na hatimaye wazee wa Wana wa Israeli wakateremka Misri. Hilo lilitosha kunifanya niache kumnunulia kifunguamimba viatu vya Idi vya bei ya juu kuliko vya wenzake.

Risala ya Kiddushin inaorodhesha wajibu wa baba kwa mwanawe, ukiwemo kumfundisha Torati na kazi ya mikono, na wengine wanaongeza kuogelea, kwa kuwa uhai wake unaweza kutegemea hilo. Nimezaliwa hatua chache kutoka baharini na sijui kuogelea, basi nilinyamaza. Hapa ndipo mwalimu alipoteleza: mshiriki mmoja aliuliza kuhusu mabinti, akajibiwa kwa haraka, na mjadala haukurudi tena.

Alijirekebisha katika suala la fimbo. Mithali 13:24, kwamba asiyetumia fimbo humchukia mwanawe, inajulikana hata na wasiosoma Biblia, lakini yeye aliweka kando yake kisa cha Talmudi cha kijakazi wa nyumba ya Rabi Yehuda Hanasi, kiongozi wa marabi wa zama zake, ambaye alimwona mtu akimpiga mwanawe aliyekwisha kuwa mkubwa, akataka mtu huyo atengwe, kwa hoja kwamba amevunja amri ya kutotia kwazo mbele ya kipofu, yaani kutomtega mtu akatenda dhambi, maana kijana huyo angeweza kurudisha kofi. Tulibishana juu yake hadi muda ukaisha.

Kero yangu kubwa ni saa. Saa mbili usiku ya New York wakati wa baridi ni saa kumi alfajiri kwetu, wakati wa daku bila daku yenyewe, na rekodi zilichelewa kutumwa mara tatu. Ningeipendekeza kwa mzazi anayependa kusoma taratibu na kubishana. Anayetaka kuambiwa afanye nini kesho asubuhi ataona wanamzungusha. Binafsi nitajiandikisha tena wakihamishia kipindi mchana wa kwao.