Chipsi za nyuma ya shule, na mwalimu aliyetegea kikao

Alhamisi iliyopita tulikuwa na kikao cha walimu saa tano asubuhi. Ajenda: utoro wa wanafunzi. Saa tano na robo mimi nilikuwa kwenye benchi la banda la chipsi nyuma ya shule, nasubiri zege, yaani chipsi mayai. Nalisema mapema ili mjue anayewapimia chipsi hizi ni mtu wa namna gani.

Banda halina jina. Lipo Mbagala, ng'ambo ya ukuta wa shule ninayofundisha, chini ya mwarobaini. Bati nne, kabati la kioo lenye ufa uliozibwa kwa selotepu, karai juu ya jiko la mkaa, mabenchi mawili. Mwenye banda ni mama wa makamo ambaye hata mkuu wetu wa shule humwamkia shikamoo.

Nianze na chakula. Zege ni shilingi 3,000, mayai mawili, na halibani mtu kifuani kama yale ya stendi yanayoogelea mafuta. Viazi anavikata vinene, anavikaanga nusu asubuhi, kisha anavirudisha karaini mteja akishaagiza, kwa hiyo vinafika mezani nje vikavu, ndani laini. Kachumbari ina ndimu ya kutosha. Pilipili mbuzi anaisaga mwenyewe. Kijiko kimoja kinakutosha, cha pili utakikumbuka usiku. Kasoro ni tomato. Ile chupa nyekundu imeongezwa maji mpaka inatiririka kama soda, na nimeshamwambia mara tatu. Juisi ya ukwaju ni nzuri ukiwahi, kabla barafu haijayeyuka yote.

Lakini watu hawaendi pale kwa ajili ya viazi tu. Pale huagizi kabla hujahojiwa. Mama anakukazia macho, mwiko mkononi: "Umetoroka, umedoji, umetega, au una ruhusa?" Na jibu lako ndilo linaamua utahudumiwa vipi.

Mtoro kwake ni mwenye sare. Sare hailishwi pale kabla ya kengele ya saa nne, hata ilete noti ya elfu kumi. Watoto wamejaribu kila mbinu: shati ndani nje, sweta kiunoni, fulana ya mpira juu ya sare. Mama haangalii shati, anaangalia soksi. Nyeupe na kiatu cheusi, umekwisha. "Rudi ulikotoka, baba, nitakuwekea." Na kweli anawawekea, hilo nimelishuhudia.

Wa kudoji ni kesi nyingine. Huyu asubuhi kafika, kaitwa jina, kaitika, kisha kipindi kimoja kinampita kushoto. Mara nyingi ni hesabu. Kiswahili changu, namshukuru Mungu, kinadojiwa kidogo, labda kwa sababu nakifundisha baada ya uji. Mama anawatambua kwa haraka zao: wanakula wamesimama, jicho kwenye ukuta.

Watu wazima ndio watega kazi. Bodaboda aliyezima simu, kijana wa duka la vifaa vya ujenzi aliyetumwa chenji tangu saa tatu, karani mmoja wa serikali za mitaa ambaye daktari kampa ED, ile karatasi ya kupumzika kazi, ya siku mbili na anaitumikia yote pale benchini. Hao Mama anawauzia, ila kwanza anawapa kisu na ndoo. Unamenya viazi huku unasubiri. Mgeni anaweza kukasirika; wazoefu hunyoosha mkono wenyewe.

Basi Alhamisi zamu ikawa yangu.

"Mwalimu, una ruhusa?"

"Ninayo, mama."

"Ya nani?"

Nikanyamaza.

"Basi umetegea."

Nikataka kumsahihisha, maana ugonjwa wa walimu wa Kiswahili ni huo. Nikamwambia kwa kawaida tunasema kutega. Akageuza zege la mtu, akanijibu bila kuniangalia: "Anayetega anakwepa kazi yake. Anayetegea anawaachia wenzake." Nimefundisha kauli ya kutendea kwa miaka kumi na tisa, na sijawahi kupata mfano unaouma kama ule. Nikachukua kisu.

Nikiwa namenya nikajifunza mengine. Kijana anayemsaidia kukata viazi aliacha shule darasa la tano. Bodaboda mmoja akamwita mtoro, Mama akamkata kauli: "Huyu alikimbia umande. Mtoro yupo daftarini." Ni kweli. Mtoro bado ana jina la kuitwa asubuhi, na shuleni kwetu tunamhesabia: siku 90 mfululizo zikipita anafutwa. Aliyekimbia umande hahesabiwi na mtu tena. Wala husikii mtu akisema kesho atakimbia umande. Ni neno la kutazama nyuma. Kijana mwenyewe alicheka tu, akaendelea kukata. Nilimwambia kwamba tangu mwisho wa 2021 serikali imeruhusu waliokatiza masomo kurudi. Akaniuliza kama watamruhusu aje na kisu chake.

Kuingia mitini kuna habari yake pia, na hii inamhusu mteja moja kwa moja. Fundi alichukua malipo ya awali kurekebisha bati, akaingia mitini. Ndiyo maana mvua ikinyesha usikae mwisho wa benchi la kushoto. Utakula zege lenye mchuzi. Shemeji yangu wa Mombasa alipokuja mwezi wa nne alikaa hapohapo, akalowa, akasema fundi "amehepa". Mama akamwambia kuhepa ni kwa mtu unayeweza kumwona tena.

Nilimenya viazi kumi na nane. Huduma kwa jumla ilichukua dakika arobaini, ambazo kwa mtu wa haraka ni nyingi. Nenda na chenji. Kwa simu anapokea, ila simu yenyewe huwa chaji nyumbani. Mimi nampa nyota nne kati ya tano, moja nimeikata kwa ajili ya ile tomato.

Nilipokuwa nanawa mikono, simu yangu ikalia. Alikuwa mwalimu wa taaluma. Kikao kimeisha, wameunda kamati ya kufuatilia utoro, na kwa kuwa sikuwepo kukataa, mwenyekiti ni mimi. Tunakutana Jumanne, saa tano.

Mama alisikia yote. Akaniuliza kisu akiweke wapi.