Mbuzi ya kukunia nazi bado inaishinda blenda

Wali wa nazi mzuri huanzia kwenye ulimi wa mbuzi, kile chuma chenye meno cha kukunia, kabla hata moto haujawashwa. Nazi iliyokunwa laini hutoa tui zito kwa maji machache. Iliyokatika mapande hubaki na mafuta yake ndani, na ukiikamua unapata maji meupe tu. Ndiyo maana, pamoja na blenda kuingia majikoni pwani nzima, kuanzia Lamu hadi Mtwara, mbuzi ya kukalia ingali na kazi yake, na kwa familia inayopika nazi moja hadi tatu kwa siku sioni kifaa kinachoishinda. Sharti iwe imetengenezwa vizuri, na nyingi zinazopangwa sokoni zimetengenezwa kwa haraka.

Ukifika kwa muuzaji, usivutwe na nakshi. Ikunjue, iweke chini, ikalie. Miguu yake ni mbao mbili zilizopitana, na pale zinapopitana ndipo ubovu unapojificha. Zikiwa zimeshikwa kwa msumari mwembamba, tundu litapanuka na kiti kitaanza kucheza, kisha kila ukikuna nusu ya nguvu yako inaishia kwenye kuyumba. Tafuta iliyotiwa pini nene ya chuma, au bolti yenye nati ambayo ikilegea unaikaza. Mbao za mninga au mvule ni nzito na wadudu hawazipendi. Za mwembe ni nyepesi na bei yake ni ya chini, lakini zikikaa kwenye unyevu utakuta unga wa bungua sakafuni. Chukua nzito, kwani mbuzi nyepesi huinuka nyuma unaposukuma mbele. Angalia pia nafasi iliyo chini ya ulimi: pakiingia bakuli lenye kina, kama sentimita 20 kutoka sakafuni, hutakuwa ukiokota nazi chini.

Ulimi wenyewe ni bapa la chuma lenye ncha ya mviringo iliyochongwa meno. Ukiwa mwembamba kupita kiasi unapinda ukiukandamiza, basi ujaribu kwa kiganja kabla ya kulipa. Pitisha kidole gumba taratibu kutoka shingoni kuelekea nchani. Meno yanatakiwa yashike ngozi kidogo, yote sawasawa, bila hata moja kujitokeza kuliko mengine. Meno marefu yanang'oa nazi kwa mapande na kuchimba hadi kwenye ngozi ya kahawia. Mafupi sana yanateleza tu na kukuchosha mkono. Kipimo kisichodanganya ni kwenda na kizio cha nazi, yaani nusu yake iliyopasuliwa, na kumwomba muuzaji ukune kidogo papo hapo. Inayofaa hudondosha nazi nyeupe, nyepesi, yenye nyuzi fupi fupi. Muuzaji anayekataa jaribio hilo, mwache, nenda kwa mwingine.

Nazi nayo inataka jicho. Ya tui ni iliyokomaa, ya mnazi mrefu, kifuu chake kikiwa kimeshaiva na kuwa cha kahawia iliyokolea. Itikise sikioni: maji yasikike yakigonga waziwazi. Koroma hujaa maji pomoni na husikii mchezo wake, nyama yake bado laini na tui lake ni jepesi, hata ungekamua vipi. Isiyo na maji kabisa huenda imepasuka, imekaukia ndani na kuwa mbata, au ndani mna joya, ile nyama ya sponji iliyo tamu kutafuna lakini haina tui la maana. Geuza utazame macho matatu. Yakiwa na ukungu, yakiwa laini au yamelowa, irudishe kwenye fungu. Wauzaji wengi wa masoko ya Kariakoo, Dar es Salaam, na Kongowea, Mombasa, hukupasulia ukiwaomba, na hilo ni jambo la kulitumia: nusa maji yake pale pale, maana nazi iliyooza hujitangaza yenyewe.

Nyumbani, shika nazi kiganjani na uipige kiunoni mwake kwa mgongo wa panga, si kwa makali, huku ukiizungusha. Itapasuka vizio viwili vyenye kingo safi, na ukiwa umeweka bakuli chini maji hayapotei. Kalia mbuzi, weka sinia chini ya ulimi, shika kizio kwa mikono miwili. Anzia ukingoni ukikizungusha kidogo kidogo, kisha ingia katikati. Anayeanzia katikati huchimba shimo, ukingo unabaki mnene, na akirudi kuukuna vidole viko karibu mno na meno. Mikwaruzo iwe mifupi na ya kuvuta kwa uzito mmoja. Mara uonapo wekundu wa ile ngozi ya ndani, sogea pengine. Ngozi hiyo ikiingia, tui linakuwa la kijivujivu na lina uchungu wa mbali. Kusikia mlio wa meno juu ya nazi, kavu na laini kwa pamoja, na kuona weupe ule ukirundikana siniani ni raha ya kweli jikoni, na harufu yake haina mfano.

Nazi moja ya wastani iliyokunwa itiwe maji ya vuguvugu kikombe kimoja, mililita 250. Si ya moto wa kuunguza wala ya baridi. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi joto 24 hivi, kwa hiyo maji ya friji huyagandisha yabaki kwenye chicha, yaani makapi ya nazi iliyokamuliwa. Ifikiche kwa mkono dakika mbili tatu, kisha ikamue kwa kifumbu, kile kikapu kidogo cha kukamulia, au chujio la kitambaa safi. Hilo ndilo tui la kwanza. Ukitaka kasimile hasa, yaani tui zito kabisa, punguza maji yawe robo kikombe. Rudisha chicha, tia vikombe vitatu vya maji, fikicha tena ukamue upate tui la pili. Usichanganye hayo mawili, kwani kila moja lina wakati wake chunguni.

Kwa nusu kilo ya mchele, chemsha vikombe vitatu vya tui la pili na kijiko cha chai cha chumvi, tia mchele uliooshwa, koroga mara moja, acha. Tui likikaribia kukauka mwagia kikombe cha tui la kwanza, geuza taratibu, funika, punguza moto na upalie makaa juu ya kifuniko. Mchele wa zamani hunywa zaidi, basi weka robo kikombe cha tui pembeni. Ukitia tui zito tangu mwanzo, chini huungua kabla punje za juu hazijaiva. Hii ndiyo sababu ya wali mwingi wa nazi kutoka na ukoko mweusi na mabonge katikati.

Kwenye samaki wa kupaka tui hutaka subira zaidi. Kwa changu wa kilo moja, tumia kikombe kimoja na nusu cha tui zito pamoja na thomu, tangawizi na pilipili zilizopondwa. Lipike bila kifuniko, moto wa wastani, ukikoroga mfululizo hadi lichemke na kuanza kushika mwiko. Ukiliacha lichemke bila kukoroga linakatika: mafuta juu, mabonge chini. Ndimu au ukwaju utie mwishoni, kwani uchachu unaoingia mapema hulikata tui vilevile. Mpake samaki aliyekwisha kukaukia juu ya makaa, mrudishe, mgeuze, mpake tena. Kwenye kisamvu hakuna wasiwasi huo. Tui likitoa mafuta, mboga inazidi kunoga.

Blenda inafanya kazi kwa haraka, lakini lazima kwanza uing'oe nyama kwenye kifuu, na usipoimenya ile ngozi ya kahawia inasagwa yote. Pia haizunguki bila maji, kwa hiyo kasimile isahau. Kwa chungu kikubwa cha maharagwe au kisamvu inatosha. Mbuzi ya kuzungusha kwa mkono, ile inayofungwa ukingoni mwa meza, ni afadhali kwa mwenye maumivu ya mgongo au magoti, ila meza iwe nzito, na meno yake ya katikati huchimba haraka hadi kwenye kifuu. Mashine za sokoni zinakuna vizuri sana na ndizo za kukimbilia penye shughuli ya nazi kumi na kuendelea. Chagua mwenye mashine anayeiosha, kwa sababu mabaki ya nazi ya asubuhi huchachuka mle ndani na kuharibu ya mchana. Nazi iliyokwisha kunwa usitembee nayo juani. Ifikishe nyumbani uikamue mara moja, au uigandishe kwenye friza kwa mafungu ya nazi moja moja. Tui la kopo ni la dharura. Mengi huwa yameongezwa kitu cha kuyazuia yasigawanyike, na harufu ya nazi mbichi humo hamna.

Mbuzi mpya huja na weusi wa kiwandani au wa kwa mhunzi kwenye ulimi. Isugue kwa msasa, ioshe, ipake mafuta ya nazi, na kizio cha kwanza utakachokuna kimwagie kuku. Baada ya kila kazi osha ulimi peke yake, kwa maji na brashi, ukaushe na kuupaka mafuta. Mbao usiziloweke, zifute tu na kuzianika kivulini, kwani jua kali linazipasua pale penye pini. Kama una uwezo wa kuchagua ulimi wa chuma kisichoshika kutu, lipia tofauti hiyo, hasa ukiishi karibu na bahari ambako kutu hurudi usiku mmoja. Watoto wasichezee mbuzi iliyokunjuliwa. Ikunje, ulimi ukitazama ukutani.

Meno yakianza kuteleza, usiende kununua nyingine. Tupa ndogo ya pembetatu, ile ya kunolea, inatosha: ipitishe kwenye kila pengo kati ya meno, ukisukuma upande mmoja tu, idadi ileile ya mapito kila pengo ili urefu ubaki sawa. Kisha jaribu tena kwa kidole gumba, na ukiona jino moja limebaki refu, lipunguze ncha kabla ya kugusa nazi.