Ziara ya Authion: nililipia historia, nikanyamazishwa

Nimekaa na hasira hii wiki kadhaa, leo naitoa. Ukiwa Nice, kusini mwa Ufaransa, na unataka kupanda Authion, mlima wa karibu na mpaka wa Italia ambao Wafaransa waliupigania Vita vya Pili vya Dunia vikiwa ukingoni kwisha, tafuta usafiri wako mwenyewe. Kampuni iliyonipeleka mimi simshauri mtu.

Mpaka juu sikuwa na neno. Dereva alikuwa muungwana, kona za kwenda Turini alizipanda taratibu, na mwongoza wageni anaijua kazi yake, hilo simnyimi. Tuliposimama kwenye kile kifaru kidogo cha Kimarekani kinacholiwa na kutu, alisimulia hadi nikasisimka: Jenerali De Gaulle, kiongozi wa Ufaransa, yuko Nice tarehe 9 Aprili 1945, kesho yake Divisheni ya Kwanza ya Wafaransa Huru, jeshi lililomfuata De Gaulle, inapanda kwenye theluji kuzivamia ngome za Wajerumani. Siku tatu za kuuana, na Ujerumani ilikuwa haijabakiza hata mwezi kusalimu amri. Vijana walikufa ili mpaka na Italia usogee. Tende na La Brigue, zilizokuwa za Italia, zikaingia Ufaransa mwaka 1947.

Nikauliza. Divisheni hii ndiyo ya Bir Hakeim, vita vya jangwani Libya, 1942, na ndani yake walikuwamo watu wa Chad, Kamerun na Ubangi (leo Jamhuri ya Afrika ya Kati). Mwishoni mwa 1944, wakiwa kwenye milima ya Vosges, mashariki mwa Ufaransa, Waafrika hao waliondolewa, wakaingizwa vijana wa Kifaransa, na wengine walivuliwa hata makoti wakapewa hao vijana wapya. Mbona hujawataja?

Hakunitazama. "Mama, hao hawakuwa hapa." Akawageukia wenzangu, akauliza nani anataka kupigwa picha.

Hawakuwa hapa! Si ndilo swali langu? Nani aliwatoa? Sababu iliyotolewa ni baridi. Watu waliopigana Italia, wakateremka pwani ya Provence Agosti 1944, wakaenda kwa risasi mpaka Vosges, leo waambiwe baridi itawashinda? Babu yangu alikuwa keya, askari wa King's African Rifles, Waingereza walimpeleka Burma. Alizeeka na kufa bila mtu kumuuliza aliona nini huko. Kwa hiyo jibu lile halikunipita hivi hivi.

Tulipofika L'Escarène, kwenye makaburi ya divisheni hiyo, tulipewa dakika kumi. Nilizimaliza nimesimama langoni, natetemeka. Dereva alikuja akasimama kando yangu, hakusema kitu, wala hakunihimiza nilipochelewa.

Kwa ajili yake nilitaka kutoa nyota tatu. Nikaandika mbili. Sasa ninavyoandika nimefuta, ni moja.

Ama basi, nabadilisha. Nendeni, tena na kampuni hiyo hiyo. Mkifika kwenye kifaru, mmoja wenu amuulize mwongoza wageni swali langu. Akigeuka, wa pili alirudie.