Fundi wa mashine za boti Kirumba: anakagua kwanza pistoni iliyoungua ndio mambo mengine yafuate

Wakuu, kama una mtumbwi wa mashine ukanda huu wa Mwanza, Kayenze, Igombe mpaka Kirumba na mashine yako imekula pistoni, kabla hujakimbilia dukani kununua mpya ipeleke ile iliyoungua kwa fundi mmoja ana banda Kirumba, pembeni kidogo ya soko la samaki la Mwaloni. Anafanya mashine za tu-stroku, zile za kuchanganya petroli na oili, na hakuuzii kitu mpaka akuoneshe cha zamani kimekufa kwa nini. Hilo mafundi wengi hawafanyi, utaambiwa tu pistoni imekwisha lete hela.

Mimi nilifika kwake baada ya gereji nyingine kunifungia pistoni mpya na ringi zake, mashine ikaenda vizuri kidogo tu halafu ikaanza tena kuishiwa nguvu ikipata moto, vijana wanarudi na dagaa jua limeshachomoza wanapiga kasia. Pale hakuna aliyejiuliza ile ya kwanza iliuliwa na nini.

Huyu alianza na plagi. Alizichomoa zote mbili, ya silinda ya juu na ya silinda ya chini, akaziweka juu ya kitambaa kwa mpangilio huo huo, akachukua lenzi. Plagi ya mashine iliyo sawa inakuwa kahawia, ikiwa nyeusi na imelowa mafuta inakunywa oili au petroli kupita kiasi, ikiwa nyeupe ujue silinda inachemka. Zangu zilikuwa nyeupe zote, na ile ya juu ilikuwa na vichembe vidogo vinang'aa kwenye ile kauri. Akanipa lenzi niangalie mwenyewe. Ile ni aluminiamu ya pistoni, yaani pistoni yenyewe imeanza kuyeyuka na kurushwa kwenye plagi.

Kwenye pistoni ndio nilikaa naye muda mrefu. Mikwaruzo ya kwangu ilikuwa mingi upande wa ekzosi, unapotokea moshi, ambako ndiko joto lilipo. Akanitolea nyingine za watu kutoka kwenye boksi nilinganishe. Kuna moja imekwaruzika sehemu nne kuizunguka, hiyo aliyenayo aliwasha akakanyaga mafuta mashine ikiwa bado baridi, pistoni ikatanuka kabla silinda haijatanuka. Nyingine ukingo wake wa juu umetoboka toboka kama mbao iliyoliwa na mchwa, hiyo moto ulikuwa unalipuka vibaya ndani, mara nyingi ni petroli mbovu au taiming, yaani muda wa plagi kupiga cheche, imekaa vibaya.

Sasa kilichonifurahisha ni kwamba hakurukia jibu. Petroli na oili tulikuwa tunachanganya vizuri, ile ya 50 kwa 1, lita 25 nusu lita ya oili, ila hakuchukua maneno yangu, alikagua koni rodi, ule mkono unaoshika pistoni, na beringi za krenki, shafti inayozungushwa na mkono huo, akitafuta ile rangi ya bluu ambayo chuma kinapata kikiungua kwa kukosa oili. Hakukuwa na bluu, beringi zimelowa vizuri. Na kwa kuwa plagi zote mbili ni nyeupe akasema sio uchafu wa silinda moja, hapa kuna kitu kinazihusu zote. Akashuka chini kwenye mguu wa mashine, akafungua pampu ya maji, ile inayovuta maji ya ziwa kupoza mashine. Impela, kile kigurudumu cha kusukuma maji, mabawa yameliwa ncha, na kile kikombe chake kina mifereji ukipitisha kucha inakwama. Mchanga. Ufukwe wetu maji ni kina kifupi, mashine inawashwa propela ikiwa karibu na chini, inavuta mchanga kila siku. "Bosi, hii haijafa kwa oili, imefia kiu," ndio maneno yake.

Silinda alishasema inapona, ila kofia yake aliitilia shaka. Akaipaka mafuta ya taa, akaiacha kidogo, akaifuta ikakauka kabisa, akainyunyizia unga wa chaki. Baada ya muda mstari mwembamba ukaanza kulowa katikati ya chaki, ufa ambao kwa macho usingeuona hata ukiupigia tochi. Ile ingefungwa vile vile ningelia tena.

Halafu akanifundisha kukagua pistoni ya dukani, maana kuna zinazooshwa na kurudishwa kwenye boksi. Geuza uangalie chini ya kichwa, ikiwa na ukahawia wa oili ishatumika. Angalia pembeni, ile mistari midogo ya kiwandani iwe kamili, ukiona sehemu imelainika inang'aa irudishe.

Kukagua tu ni elfu kumi na ukifanyia kazi kwake anaikata kwenye bei, mimi naona ni haki kabisa. Kasoro zipo. Haandiki chochote, kila kitu kipo kichwani, kwa hiyo beba daftari au piga picha. Simu hapokei akiwa na kazi mkononi. Jumamosi hafungui, ni Msabato. Na epuka kipindi cha mbalamwezi, maana mitumbwi ya dagaa inapaki na kila mtu anapeleka mashine kwake, utakaa foleni mpaka giza lirudi. Banda lenyewe ni finyu, watu wanne tu mmejaa.

Ukienda usioshe kitu. Peleka plagi na pistoni na masizi yake yote, uziwekee alama ipi ya juu ipi ya chini, na impela usiiache nyumbani. Akishafunga atakwambia masaa 10 ya kwanza uongeze oili, lita 25 kwa lita moja nzima, na oili iwe ya mashine za boti, kopo limeandikwa TC-W3, sio ile ya pikipiki. Mfuate hivyo hivyo.