Kumrudisha mtoto kutoka kwa bibi: kuelewana au kwenda mahakamani?

Ulimwacha kwa bibi yake akiwa na miaka 2. Sasa ana 7 na unataka arudi kwako.

Kuelewana na bibi ni nafuu, na kunampa mtoto muda wa kuzoea: kwanza Jumamosi mchana, kisha alale usiku mmoja, kisha likizo nzima. Kwangu hili lina uzito sana. Mtoto akishtuka usiku kwa ndoto mbaya, humwita aliyemzoea, na aliyemzoea ni bibi. Kumng'oa ghafla ni kama kumpa msiba. Tatizo ni kwamba maneno matupu hayashiki. Bibi akibadili nia, huna cha kuonyesha. Andikeni, mtie saini mbele ya shahidi.

Mahakama ni njia ndefu, ina gharama, na undugu huumia. Lakini kama bibi tayari ana amri ya malezi, yaani uamuzi wa mahakama unaomkabidhi mtoto, hamuwezi kuifuta sebuleni. Na usidhani kumzaa kunatosha. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 3, unataka maslahi ya mtoto yapewe kipaumbele, na cha 12 kinampa haki ya kusikilizwa. Kusanya ushahidi: makazi, kipato, risiti za matumizi uliyotuma na, kama uliondoka kwa sababu ya ulevi au ugonjwa, karatasi za matibabu.

Mimi ningeanza kwa kuelewana, isipokuwa mtoto anaumizwa au unazuiwa hata kumwona. Hapo usingoje, nenda mahakamani.