Krugerrand ya prufu, na pindo la shati

Duka la sarafu: nyota moja, na hiyo ni ya swala aliyechorwa kwenye sarafu, si ya duka.

Krugerrand ni sarafu ya dhahabu ya Afrika Kusini, yenye sura ya Paul Kruger, rais wa Transvaal ya zamani, upande mmoja na swala upande wa pili. Ile ya prufu, yaani iliyogongwa kwa umaridadi kwa ajili ya wakusanyaji, huuzwa ghali kuliko dhahabu iliyomo kwa sababu moja tu: sura yake. Majuzi muuzaji aliitoa yangu kwenye kikasha, akamkandamiza Kruger shavuni kwa kidole gumba, akaona alama ya kidole, akaifuta kwa pindo la shati. Mbele yangu! Nilipong'aka akajibu: "Mzee wangu, dhahabu ni dhahabu. Swala haongezi gramu."

Sasa mbona kaongeza bei?

Prufu hugongwa zaidi ya mara moja kwa chapa zilizong'arishwa. Ndiyo maana pasipo na mchoro panakuwa kioo, na mchoro wenyewe unabaki umefifia kama umepigwa na umande. Shaba iliyochanganywa humo huipa wekundu wake na kuifanya ngumu kuliko dhahabu tupu, lakini si ngumu kiasi cha kustahimili vumbi la shati. Chembe moja ikiburutwa juu ya kile kioo huacha mstari mwembamba kama unywele. Ukiitazama wima huuoni. Iinamishe chini ya taa moja, izungushe polepole. Yangu ilikuwa na mistari mitatu, mmoja umetoka miguuni mwa swala ukaingia kwenye tarakimu za mwaka. Huo hauna dawa. Alama ya kidole ilikuwa nayo: kuichovya kwenye asetoni safi, kuisuuza kwa maji yaliyokenekwa, kuigusisha kitambaa laini bila kusugua. Na ukiishika, shika pembeni tu, kwenye meno ya ukingo wake.

Swala mwenyewe ni kazi ya mchongaji Coert Steynberg. Alishatembea kwenye sarafu ya Afrika Kusini ya shilingi tano ya 1947, miaka 20 kabla ya Krugerrand ya kwanza. Kruger ndiye mwenye mikosi. Sarafu zake za 1892, zilizogongwa Berlin, zilikuja na herufi O.S. chini ya sura yake, za mchongaji Otto Schultz. Kwa Kiholanzi "os" ni maksai, na wapinzani wake hawakuhitaji zaidi. Schultz hakukusudia. Huyu wa shati sijui nimwiteje.

Ingawa, nikipoa kidogo, hakubuni. Sarafu hii haina thamani ya pesa iliyoandikwa popote. Imeandikwa dhahabu na wakia tu, kama inayosema nipime. Ningekuwa nanunua ile ya kawaida, ya kuwekeza, ningenyamaza na pindo lake. Basi nyota mbili.

Alinibadilishia bila ugomvi, hilo nalo niseme. Ya pili nikaanza kuihesabu meno kwa lenzi, maana prufu huwa na 220 na za kawaida huwa na pungufu. Nilipofika sabini na kitu akaniambia duka linafungwa. Rudisha nyota moja.