MGB yenye kutu: kuiuza nzima au kuichinja spea?

Tuseme MGB ya 1969, gari dogo la michezo la Kiingereza, imelala miaka mingi kwenye gereji yenye unyevu huko Uingereza, na mwenyewe hana tena nia ya kuifufua. Aiuze nzima kama mradi, au aichinje auze spea moja moja?

Kabla ya kutaja bei, chukua tochi na bisibisi, ulale chini. Gari hili halina chasi ya kujitegemea. Nguvu ya bodi iko kwenye zile mbavu za chini ya milango. Bisibisi ikizama, au mlango ukigoma kufunga gari linapoinuliwa kwa jeki, kuna kazi ya kuchomelea, na fundi wa bodi hafanyi kwa sadaka.

Kuuza nzima kuna raha yake: mnunuzi mmoja, trela moja, gereji tupu. Piga picha za kutu yenyewe, si bampa za kromu tu. Injini inazunguka? Sema. Imeganda? Sema pia. Namba ya chasi ilingane na kadi ya gari.

Kuchinja huweza kuleta pesa zaidi, hasa kama kuna rimu za spoku na gia boksi yenye ovadraivu (gia ya ziada inayopunguza mzunguko wa injini kwenye mwendo kasi). Lakini MGB zilitengenezwa zaidi ya 500,000 kati ya 1962 na 1980, kwa hiyo spea za kawaida hazigombaniwi. Utabaki na makopo ya boliti na bodi tupu uani.

Mimi ningeiuza nzima, isipokuwa kama mbavu zimeoza kabisa.